Vigelegele vyangu vimemwendea Mfaransa

Leo nimeaibika mbele ya wanawake wote wa mtaa wetu hapa Magomeni. Chekeni tu, najua mlikuwa mnaingoja siku hii.

Binti yangu Neema yuko Ufaransa anapuliza klarineti, lile zumari refu jeusi. (Kama ulikuwa hujui, basi hujawahi kupita mlangoni kwangu.) Yeye na wenzake, wapuliza zumari na mpiga piano, wametoa santuri. Jina lake liko kwenye jalada!

Nikaazima gramafoni ya Mzee Mbena, mstaafu wa reli. Nikapika pilau, nikaita majirani.

Huo muziki wa kisasa, jamani! Kila mpulizaji anashika njia yake kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Lakini mimi, mjuzi wa mambo, zumari likipanda tu nanyoosha kidole: "Huyo ndiye Neema!"

Wanawake vigelegele. Upande mzima wa santuri.

Nikampigia simu nimpe sifa zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Tumekusikia, tumelia!"

"Mmesikiliza upande gani?"

"Wa kwanza."

"Mama, huko sipo. Huko anapuliza mzee mmoja wa Kifaransa. Mimi niko upande wa pili."

Na simu nilikuwa nimeiweka spika. Si nilitaka wote wasikie?

Nikageuza santuri kimya kimya. Klarineti ikaanza taratibu, ikanikaa kifuani. Mwanangu mwenyewe! Nikafungua mdomo nipige kigelegele.

Mama Rehema, jirani yangu mpenzi, akanishika mkono.

"Subiri, shoga. Tumpigie kwanza tuhakikishe."

Haya, semeni nyie: huyu nimwongeze pilau?