Baba wa Mtamba Aliitwa SMS

Bado nina hasira, na sina mpango wa kuipunguza ili simulizi hii ipendeze.

Nilikuwa karani wa rekodi katika kampuni ndogo ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija. Ofisi ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, mahali ambapo hata mbuzi hajawahi kupita. Wateja wetu walikuwa wafugaji wa Dagoretti, watu wenye ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba za kupangisha. Kazi yangu yenye maana ilikuwa moja tu: kujua baba wa kila mtamba ni fahali gani. Mtamba akiingia joto, yaani akiwa tayari kupandwa, mpandishaji wetu anafika na mtungi wake wa mbegu zilizogandishwa kwa pikipiki, anapiga simu ofisini na kuuliza, "Huyu baba yake nani?" Nikikosea, mtamba anaweza kupandishwa kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, na ndama akazaliwa dhaifu au asiishi kabisa. Kwa mtu mwenye mtamba mmoja, hapo hana kitu tena.

Zamani jibu lilikaa kwenye kadi za njano walizotunza wafugaji wenyewe. Kisha bosi akanunua programu. Ilitengenezwa na kampuni moja ya Westlands kwa biashara za kila aina, kwa hiyo ilikuja na sehemu za jina, simu, mtaa na kadhalika, zenye namba kuanzia moja hadi arobaini. Sehemu ya fahali haikuwamo. Tuliruhusiwa kuongeza zetu, na kitabu cha maelekezo kilisema wazi kwamba sehemu za mteja zianzie namba mia tisa. Namba za chini zilikuwa za watengenezaji, na wangeweza kuzitumia siku yoyote bila kumuuliza mtu.

Nilikisoma mimi peke yangu katika ofisi ile nzima. Nikachapisha ukurasa huo kwenye saiba, duka la intaneti, pale Adams nikielekea nyumbani Riruta, na kesho yake nikauweka mezani kwa bosi.

Hakuugusa. "Mia tisa ya nini na tuko arobaini? Weka forty-one, hiyo ndio inafuata. Hiyo ingine inaenda chini kabisa ya page, watu watascroll mpaka kesho."

"Bosi, hiyo namba si yetu. Ni kama kujenga kibanda kwa rodi rizavu, ardhi ya barabara."

"Na wewe umeona vibanda ngapi zimebomolewa?"

Nilikuwa nimeona viwili wiki hiyohiyo, pale Naivasha Road. Hata hivyo nikaandika 41. Vidole vilikuwa vyangu, hilo simsingizii mtu.

Kisha tukakusanya kadi. Nilienda Mutuini, hukohuko Dagoretti, Jumamosi tatu mfululizo, nikisimama kwenye vibanda vya ng'ombe na kuwaambia kina shosho, bibi wenye ng'ombe, kwamba kompyuta haisahau. Walinipa kadi zao pamoja na chai. Tulipomaliza kuziingiza, bosi akaziuza zote kwa mnunuzi wa makaratasi. Mimi nilijua tu nilipokuta kabati tupu.

Karibu mwaka ukapita salama, na bosi akawa ananitania kila asubuhi, "Mama Mia Tisa, habari?" Halafu watengenezaji wakaboresha programu yao. Walihitaji sehemu mpya ya kuonyesha mteja anapenda kupashwa habari kwa njia gani, na namba yao iliyofuata ilikuwa 41. Kwa wema wao wakaijaza kabisa. Baba wa kila mtamba Dagoretti akawa SMS.

Nakala ya akiba ilikuwa inahifadhiwa siku saba. Sisi tuligundua siku ya tisa, mpandishaji alipopiga simu asubuhi kutoka kwa shosho mmoja wa Mutuini, mjane mwenye mtamba mmoja. "Niaje. Niko na huyu mtamba. Baba yake nani? Nishayeyusha moja, sema haraka."

Nikamwambia asubiri. Nikapiga simu Westlands, na kijana mwenye sauti tamu akanijibu, "Madam, hiyo namba ni yetu. Si manual inasema?" Alisema kweli, na hilo lilinichoma zaidi. Programu yao iliikubali 41 yangu bila hata kukohoa, ikaitunza karibu mwaka mzima, kisha ikaifuta bila kuniambia neno.

Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Mwambie aweke tu. Ng'ombe hajui baba yake."

Nikamwambia, mbele ya wote, "Mwenye ng'ombe anajua," nikaomba kuzungumza na shosho.

"Si ni wewe ulikuja hapa ukachukua kadi yangu?" akaniuliza.

"Ni mimi, shosho."

"Ukasema kompyuta haisahau. Sasa imesahau?"

Bosi alikuwa ananionyesha kwa mikono niseme ni shida ya netiweki. Nikasema, "Haikusahau, shosho. Niliandika jina la baba yake mahali pasipo petu, na wenyewe wakaja wakapachukua."

Nilisikia gambuti zake zikienda na kurudi. Kumbe kila mrija mtupu aliowahi kuachiwa na mpandishaji alikuwa ameuchomeka kati ya ubao na mabati ya kibanda, mmoja kwa kila mimba ya mama wa mtamba, kwa mpangilio. Mpandishaji akanisomea namba ya fahali iliyochapwa kwenye mrija uliomzaa mtamba yule. Kisha akasoma ule aliokuwa ameushika, uliokwisha kuyeyuka.

"Aki ni huyohuyo," akasema.

Mtungini hamkuwa na mbegu ya fahali mwingine siku hiyo. Mbegu ikatupwa, na kufika jioni joto la mtamba likawa limepita. Shosho angengoja siku ishirini na moja mpaka joto lingine.

Tukahamia mia tisa. Sehemu mpya ni salama kabisa, na kwa wateja wengi haina kitu ndani, kwa sababu si wote waliohifadhi mirija. Bosi aliwaambia ni shida ya netiweki. Mimi aliniambia kwamba ningesisitiza zaidi angenisikiliza, na nilitamani kumrushia kibodi.

Siku ya ishirini na moja, simu yangu ya mezani ikalia kabla sijavua koti.

"Mtamba yuko joto tena," akasema shosho. "Nileteeni mtu. Na alete ndume ingine, si ile."

"Sawa, shosho, ngoja nifungue rekodi."

"Usifungue. Shika kalamu."

Nikashika kalamu. Akanisomea polepole namba ya mrija wa baba wa mtamba, kisha akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia nirudie.