Mimi Sijui Kusukuma Chapati

Kwenye mtandao wa kutafutia wachumba jamaa mmoja aliandika wazi: "Wanaume wa kweli tu. Wa kike-kike msinisumbue." Na mimi, badala ya kumpita, nikamtumia salamu. Upweke jamani! Nilikuwa na miaka minne Toronto, nakaa ghorofa ya kumi na moja huko Scarborough, na kulikuwa na wiki ambazo Kiswahili nilikisema Jumamosi tu.

Alikuwa Mkenya, anakaa Mount Dennis, saa moja na nusu kwa basi na treni. Njia nzima nilifanya mazoezi: sauti ishuke, mikono ikae mfukoni, kicheko kiwe kifupi. Nikifika, nimekuwa mwanaume mkavu kama nguzo ya umeme. Akija kwangu, khanga yangu ya kulalia iko chini ya godoro na mti wa kusukumia chapati nyuma ya friji. Akiuliza tule nini, nasema chochote.

Hizo Jumamosi nilikuwa kwa mama mmoja wa kanisani, Mtanzania mwenzangu, tukisukuma chapati za kupelekea wagonjwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusokota donge ili chapati ichambuke. "Mkono huu ungekuwa umeshaolewa," alinitania, "ila sijui na nani." Hakuwahi kuuliza zaidi, na mimi sikuwahi kumjibu. Nilimpenda kwa hilo.

Februari kulikuwa na sherehe ya kipaimara, nikaenda na Mkenya wangu, nikimtambulisha kama rafiki. Kama kawaida yetu, wanawake jikoni, wanaume nje kwenye theluji wakichoma nyama, hata baridi iwe ya kuua. Mama yule akatokea mlangoni, unga hadi kwenye viwiko.

"Mwanangu, njoo utuokoe! Watu wamejaa na chapati hazijafika hata nusu!"

Wanaume wakacheka. Mkenya akanigeukia, ananitazama.

"Mimi?" nikasema kwa ile sauti ya mazoezi. "Mimi sijui kusukuma chapati, mama."

Hakunibishia. Alijifuta mikono taratibu. "Basi samahani, baba," akasema, "nimekufananisha." Akarudi ndani. Nikabaki kwenye moshi nikigeuza nyama, nikijichukia. Jumamosi iliyofuata sikwenda kwake, wala zile zilizofuata. Ningeingia na uso gani?

Aprili Mkenya akaniacha, tumesimama pale mlangoni pangu. "Miezi saba, bana," alisema, "na sijui hata wewe hupenda kula nini. Ni kama kukaa na ukuta."

Loh! Si wewe uliyeagiza ukuta? Lakini nilisema tu, "Sawa, safari njema," kwa sauti nene.

Alipoondoka nikautoa ule mti nyuma ya friji, nikakanda unga. Nikasukuma chapati kumi na mbili, maana za mtu mmoja sijawahi kujifunza kupika. Nilikula mbili nimesimama. Zilizobaki nikazifunga kwenye khanga, nikapanda basi nazo mapajani, watu wakinitazama. Leo nawaacha watazame, nikajiambia.

Chini ya jengo lake nikabonyeza kengele.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Nimeleta chapati," nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, ile nyembamba.

Akauliza, "Kasukuma nani?"

"Nimesukuma mimi," nikamjibu, na kilio kikanishika kabla mlango haujafunguka.