Nilivyomfuata stesheni mkuu wangu aliyefukuzwa, anifundishe maji ya Kolwezi inapita wapi

Wakuu, salaam. Hii siongezi chumvi, nilikuwepo mwenyewe.

Nilikuwa karani kwenye biro, yaani ofisi, ya maji mjini Kolwezi, wakati ule kampuni ya migodi inaanguka na wenyeji wanawafukuza watu wa asili ya Kasai, mkoa mwingine, wakiwaita wageni.

Mkuu wangu, Tata Kalonji, yaani Mzee Kalonji, alizaliwa palepale. Baba yake ndiye aliyeletwa kuchimba shaba. Hata hivyo walimtoa nyumbani na familia yake, wakaenda kungoja treni stesheni.

Wiki hiyohiyo maji yakakatika mitaa mitatu. Tukatafuta ramani ya mabomba, hakuna. Yote ilikuwa kichwani mwa Tata Kalonji.

Wakubwa wakasema tungoje fundi kutoka Lubumbashi. Kina mama wakaanza kuchota kwenye mashimo ya zamani ya mgodi. Watoto wakaanza kuhara.

Nikaenda stesheni. Wenzangu walinionya kwamba nitaitwa msaliti. Sikujali.

Nilimkuta ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mke wake anakoroga uji kando ya reli.

"Mulitufukuza. Sasa unakuja kuniuliza maji inapita wapi?"

"Mi sikukufukuza, Tata. Lakini nilinyamaza."

Mke wake ndiye aliyemwambia kwamba watoto wa mitaa ile hawakumfukuza mtu. Tata akanyoosha mkono.

"Leta biki."

Nikampa kalamu na daftari. Siku nne mfululizo alinichorea kila bomba na kila vani, ile koki kubwa ya kulifungua na kulifunga. Siku ya tano nilikuta treni imeondoka. Sikumuaga.

Basi nikanakili daftari mara sita, kwa mkono. Nikawakusanya makarani, walinzi, na kina mama wawili kila mtaa. Mkuu mpya akasema hiyo si kazi ya kina mama. Tukaendelea.

Kila Jumamosi tulizunguka. Ukishafungua vani mwenyewe, unamfundisha mwingine. Maji yalirudi mtaa mmoja, halafu yote.

Kwenye kila nakala niliandika jina la Tata Kalonji. Niliamriwa kulifuta. Sikufuta.

Siku hizi nasikia semina za ubunifu kwenye huduma za mji, kompyuta kibao. Sawa. Ila kwanza jueni nani anajua kazi, na anamfundisha nani. Ukimfukuza mtu, umefukuza na anachojua.

Kwenu ikoje, wakuu? Andikeni hapa chini.

Na kama humu kuna mtoto wa Tata Kalonji, tafadhali anitafute. Sijawahi kusema asante.