Mstari wa Kumi na Saba

Fundi wa kupanga vitaa vya skrini habanduki kwenye hadubini yake. Kila kitaa ni kidogo kuliko punje ya chumvi. Hukishika kwa kibano, hubana pumzi, hukitua mahali pake, ndipo hupumua. Asubuhi hagusi chai, mkono usije ukamtetemeka. Wenzake wamembandika jina la Bibi Pumzi, naye huitika bila kinyongo.

Leo msimamizi kaja mbio na chupa ya gundi ya kufunikia, ile ambayo ikishamwagwa hakuna kurekebisha tena. "Mashine ya ukaguzi imeshaipitisha, dada. Funika, lori linasubiri." Bibi Pumzi akaiwasha skrini yote nyeupe, akaenda hadi mlangoni, akafumba jicho moja kama kawaida yake.

"Mstari wa kumi na saba umepinda."

"Kwa unywele mmoja tu! Nani atauona?"

"Mimi nimeuona."

"Basi pisha, nifunike mwenyewe."

Bibi Pumzi akarudi mezani. Akaizima skrini, akainamia hadubini, akakibana kitaa cha katikati ya mstari ule, akaking'oa. Akaiwasha tena. Tundu jeusi likakodoa katikati ya weupe wote, hata msimamizi akaliona. Bibi Pumzi akamsogezea kiti.

"Haya, kaka. Funika."