Nilifukuza Watu 187 Kundini, Hakuna Aliyelalamika

Jumanne niliwafukuza watu mia moja themanini na saba kwenye kundi la mtaa.

Hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Jumatano asubuhi nikafungua mlango, nikawakuta wako nje wamepanga foleni. Kimya. Hakuna salamu, hakuna tusi. Foleni imeanzia mlangoni kwangu, imekatiza uwanja wa mpira, imezunguka goli la upande wa pili na kurudi.

Nikajisemea, Nicanora, leo unauawa na mabubu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hasira zangu zina historia.

Naitwa Nicanora Quisbert. Nauza misumari, nati na skrubu sokoni El Alto, mji wa huku juu milimani, na nyumba yangu inatazamana na uwanja wa mtaa wetu, Villa Relámpago. Shule niliachia darasa la tano. Sheria nimejisomea kwenye magazeti ninayofungia misumari. Nimesoma mpaka vifungu vilivyotobolewa.

Na nakumbuka kila kitu. Mwaka ule tulipofunga barabara kwa vizuizi kuipinga serikali, nakumbuka nani alileta mkate na nani alikuwa anachungulia nyuma ya pazia. Ukitaka pazia lilikuwa rangi gani, niulize.

Basi mimi ndiye admini wa kundi la mtaa kwenye simu. Watu mia moja tisini na sita. Wanaoongea ni wanane, na mimi wa tisa.

Waliobaki? Wanasoma tu. Unaandika, tiki zinageuka bluu, halafu wamekula buyu. Miaka sita! Unahutubia kama mwendawazimu kwenye chumba kilichojaa macho.

Sasa sikia balaa lenyewe.

Kampuni moja ya malori iliutaka uwanja wetu iufanye maegesho. Uwanja huo wa vumbi, ambao kila mtoto wa mtaa ameacha ngozi ya goti pale! Manispaa ikatuandikia barua: Jumatano saa nne asubuhi anakuja mkaguzi. Tuonyeshe hati ya mwaka 1988 inayosema uwanja ni wa jamii, au angalau picha yake inayosomeka, alinganishe na daftari lao. Tusipoonyesha, uwanja unakwenda.

Hati nilikuwa nayo mimi. Kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati.

Mwezi wa pili mvua ya mawe ikatoboa paa. Nilipofungua kopo nikakuta uji. Uji wenye muhuri.

Lakini miaka sita nyuma niliipiga picha ile hati nikaiweka kundini! Tatizo, simu niliyopigia picha ilitumbukia kwenye sufuria ya supu ya karanga. Supu ilinoga, simu ikafa.

Nikaandika kundini Jumatatu: "Nani ana ile picha ya hati? Ni ya kufa na kupona."

Tiki bluu.

Wale wanane waongeaji wakajibu mbio mbio. "Picha gani?" "Hati ipi?" "Kwani kuna uwanja?" Hapo ndipo nilipogundua kwamba waongeaji wetu hawasomi. Hawajawahi kusoma kitu. Wanaongea tu.

Jumanne nikaandika tena. Kimya.

Moto ukanipanda. Nilikuwa nakula mchana, kijiko mkono huu, simu mkono huu. Nikaanza kufyeka. Mmoja mmoja. Doña Casimira, toka! Don Hilarión, toka! Namba isiyo na jina, picha ya paka aliyevaa kofia ya sufu yenye masikio, sikujui wala hunijui, toka!

Nilifukuza mpaka supu ikapoa. Kusema kweli nilifurahi kupita kiasi.

Basi ndio nikaamka na foleni ile mlangoni.

Wa kwanza kwenye mstari ni Doña Casimira, muuza api, uji mwepesi wa mahindi, pale kona. Amekuja na birika lake la api ya moto, zambarau hiyo, mvuke unafuka.

"Turudishe," akasema.

"Niwarudishe mfanye nini? Mmekausha miaka sita!"

"Tunasoma."

"Mnasoma nini na hamjibu?"

"Kila kitu, mama. Juzi uliandika kuhusu mtaro mara nne. Mara ya tatu ulikosea tarehe."

Nyuma yake watu wakaitikia kwa vichwa. Kweli, nilikosea.

"Jana usiku nimekaa kitandani nimeshika simu, hakuna kitu," akasema Don Hilarión Callisaya, fundi viatu, mwanaume mzima, macho mekundu. "Mke wangu kaniuliza, Nicanora leo kamtukana nani? Sina la kumwambia. Tukalala kama wagonjwa."

Nusura nicheke. Nikakaza uso.

"Mngejibu nilipouliza hati, mngekuwa ndani."

Wanatazama viatu. Hapo likaingia gari la manispaa, akashuka Injinia Tintaya, mkaguzi, jalada la karatasi kwapani, miwani puani. Saa nne kasoro dakika kumi.

"Habari za asubuhi. Naona uwanja unatumika," akasema akitazama foleni. "Vizuri. Hati iko wapi?"

"Injinia, hati… ilinyeshewa."

"Picha yake?"

Nikageukia foleni. "Jamani. Nani anayo?"

Watu wote wakapata shughuli. Huyu anafunga kamba, yule anapangusa kofia. Don Hilarión alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa chake.

Nikawatazama. Macho hayadanganyi. Wanayo! Mashetani hawa wanayo!

"Mna nini nyinyi? Tunanyang'anywa uwanja mchana kweupe!"

Doña Casimira akaweka birika chini, taratibu.

"Nicanora. Miaka minne iliyopita niliandika neno moja kundini. Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. 'Taa ya kona imeungua.' Tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane."

"Ukanijibu nini?"

Nikajikuna. "Nilisema… hongera, Mwenyekiti wa Tume ya Taa."

"Mpaka leo mimi ni Mwenyekiti wa Tume ya Taa! Nimepanda ngazi na sketi zangu saba, moja juu ya nyingine! Jirani akikosa umeme ananigongea mimi! Mimi nauza api!"

"Mimi sikuandika hata neno," akadakia Don Hilarión. "Niliweka dole gumba tu. Dole gumba! Ukanipa Tume ya Mtaro. Jumapili tatu niko kwenye matope mpaka kiunoni."

Sauti ya kizee ikatoka nyuma huko. "Na mimi niliuliza mkutano ni saa ngapi. Nikapewa kengele ya kuita mikutano!"

Hiyo ni desturi yetu, sikuitunga mimi. Mkutanoni kwetu anayesimama kusema jambo ndiye anayekabidhiwa jambo. Bibi zetu walifanya hivyo vijijini kabla hawajapanda huku juu. Ila kijijini mtu alibeba mzigo mwaka mmoja, akatua, akabeba mwenzake. Mimi na kumbukumbu zangu hizi nilikuwa simtui mtu mzigo. Ukisema, umesema milele.

"Kwa hiyo nani atasema hati anayo," Casimira akamalizia, "awe Katibu wa Kumbukumbu mpaka kaburini?"

Aisee. Nilisimama pale kama nimepigwa kofi na mtu ninayempenda.

Miaka sita nawaita waoga. Kumbe wananikimbia mimi!

"Saa nne kamili," akasema Injinia.

"Naapa!" nikapiga kelele. "Atakayeonyesha picha hapewi kazi yoyote!"

Hakuna aliyesogea.

"Maneno ya mdomo hayo," akasema Casimira. "Andika kundini. Yabaki."

"Mmetoka kundini, nitawaandikia nani?"

"Ndio turudishe."

Jamani, kicheko kilinishika hapo hapo, mbele ya serikali. Nikamtumia Casimira kiungo cha kujiunga, yeye akamtumia wa nyuma yake, naye wa nyuma yake. Kiungo kikatembea foleni nzima, kikazunguka goli, kikarudi. Simu yangu inaita tu: amejiunga, amejiunga, amejiunga. Injinia anatazama saa yake, anatazama simu yake, anapiga miayo ya uongo.

Vidole vimekufa baridi. Nikaandika:

"Mimi Nicanora Quisbert naapa. Mwenye picha ya hati hapewi tume. Casimira ameachiwa taa kuanzia leo. Hilarión ametoka mtaroni. Mwenye kengele airudishe. Na sitakumbushia."

Tiki bluu.

Sekunde moja.

Ya pili.

Tin!

Picha ya hati. Muhuri, saini, alama ya wino ya dole la babu yangu.

Tin! Nyingine. Tin tin! Tin tin tin tin! Nilihesabu mpaka mia moja na arobaini nikaacha, simu imekuwa ya moto kama kiazi. Wengine walikuwa wameichapisha. Kuna mama ameitoa kifuani imekunjwa kwenye plastiki. Mzee wa kengele alikuwa ameiweka kwenye fremu, ukutani, pembeni ya picha ya harusi!

Na wakaanza kupiga kelele. Watu wa kimya wale! Wanaruka, vumbi linapanda, mtu kapiga teke mpira kutoka sijui wapi. Api ikamwagwa vikombeni, mbwa wa mtaa mzima wakaja.

Injinia akalinganisha namba ya hati na daftari lake, mstari kwa mstari. Akagonga muhuri. Uwanja ni wetu.

Wale wanane waongeaji wakafika saa tano. "Kuna nini leo?"

Nikamsindikiza Injinia mpaka garini. Kabla hajapanda akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mwizi wa kuku.

"Doña Nicanora. Samahani. Ile jana… mimi pia ulinitoa."

"Wewe?"

Akanigeuzia simu. Paka. Kofia ya sufu yenye masikio.

"Shemeji yangu anakaa mtaa wa nyuma, alinitumia kiungo miaka miwili iliyopita. Nasoma kila asubuhi ofisini. Ule ugomvi wa mtaro niliusoma mara mbili." Akashusha sauti. "Ile picha ningekuwa nayo, na mimi ndiye mkaguzi, ningeshindwa kulala. Nashukuru niliingia kundini picha ilishapita."

"Mbona hukusema neno miaka miwili?"

Akacheka, akafunga mlango wa gari.

"Ili unipe Tume ya Maji?"

Akaondoka. Na mimi, pamoja na kiapo changu chote, nilikuwa nishaanza kufikiria kumpa Tume ya Maji. Nikajizaba kibao.

Jioni nikaandika kundini: "Asanteni wote."

Watu mia moja tisini na tano wamesoma. Hakuna aliyejibu.

Nilicheka mpaka nikaunguza chuño, viazi vyetu vya kukausha, jikoni.

Ukiona watu wako wanasoma na hawasemi, usiwaulize wana nini. Jiulize wa mwisho aliyefungua mdomo ulimfanyaje.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa na unaondoka kimya kimya, nimekuona. Nenda salama. Sikupi kazi.