Msusi wa nusu kichwa na kura ya mama yake

Saa moja asubuhi, siku ya uchaguzi. Kwa ncha ya kitana, msusi anazigawa nywele za mteja wake wa kwanza katikati, kutoka utosini hadi kisogoni. Upande wa kulia anausuka harakaharaka, mistari myembamba iliyonyooka. Upande wa kushoto anauacha timutimu.

"Haya, inuka," anasema huku akipangusa mafuta mikononi. "Nenda kapige kura. Ukirudi na wino kidoleni, namalizia."

Mteja, muuza nguo za mitumba, anajiona kwenye kioo na kupiga ukelele. "Nitoke hivi? Dada, una wazimu!" Lakini anatoka, mtandio kichwani, akicheka peke yake.

Msusi huyu, mtaa mzima unamwita Nusu. Saluni yake ni chumba kimoja chini ya jengo la ghorofa tano, lililobanana na wenzake kiasi kwamba jirani wa upande wa pili anaweza kukupa chumvi dirishani bila kunyoosha sana mkono. Mji ni mdogo, watu ni tele, na siasa haina pa kujificha. Madirisha ya upande mmoja yamejaa vitambaa vya buluu vya chama tawala. Yanayoyatazama yamejaa rangi ya machungwa ya wapinzani. Ubishi huanza watu wakiwa bado wanapiga mswaki.

Ajabu yake, uchaguzi uliopita mtaa huu wenye domo kuliko mitaa yote ndio uliopiga kura kidogo kuliko yote. Kati ya kila watu kumi waliojiandikisha, walifika watatu tu. Waliobaki walikuwa nyumbani wakibishana nani atashinda.

Safari hii limekuja onyo. Kituo chao kiko shuleni, mwisho wa mtaa. Msimamizi wake alitangaza kwamba isipofika hata nusu ya waliojiandikisha, kituo kitafungwa, na uchaguzi ujao watapigia kura ng'ambo ya barabara kuu, kwa kupanda na kushuka ngazi za daraja.

Wengi walipandisha mabega tu. Nusu alikosa raha. Mama yake, anayeishi naye juu ya saluni, anatembea kwa mkongojo. Ngazi chache za nyumbani anaziweza, na shuleni anafika, polepole. Daraja lile hawezi.

"Mama hajawahi kukosa kura tangu nipate akili," anasema Nusu. "Zile ngazi zingemstaafisha kwa nguvu."

Cha kuchekesha ni kwamba mama ni buluu wa kufa na kupona, na binti ni machungwa mpaka kwenye kucha. Wanapika jiko moja, lakini taarifa ya habari kila mtu anaisikiliza chumbani kwake.

"Kura zetu zinafutana," anasema Nusu. "Wenzangu chamani waliniambia, 'Nyamaza, kituo kihame, tutakuwa tumepunguza kura moja ya buluu.' Nikawajibu, 'Hiyo moja mnayoipunguza ni mama yangu mzazi!' Sikuwasemesha wiki nzima."

Ndipo akaja na sheria yake: siku ya kura, hakuna kichwa kizima bila wino. Chama hakiulizwi. Anajua atapoteza karibu nusu ya kipato cha siku, maana wapo watakaokimbilia kwa wasusi wengine.

Saa nne, anaingia wifi yake, mtu asiye na habari na siasa. Anasukwa upande mmoja na kuambiwa, "Wifi, nenda kachague, uje nikumalizie."

Punde anarudi mbio, ameshika fungu la rasta za kusukia, za rangi ya machungwa. "Nimechagua!"

"Umechagua nini?"

"Si uliniambia nikachague? Nimechagua hizi, zinanipendeza."

Saluni inaangua kicheko, watu wanashikana mabega. "Kachague kiongozi, wifi!"

"Basi ungesema kupiga kura!" anafoka wifi. "Saluni watu wanachagua rasta!"

"Na hizo nazo zitashindwa," anadakia mteja mmoja wa buluu. Wifi anamtolea ulimi na kutimua mbio kuelekea shuleni, rasta bado mkononi.

Kisa kinaenea dirisha kwa dirisha. Kinyozi wa jirani naye anaiga: ananyoa shavu moja, la pili mpaka wino. Kwenye foleni, wenye nusu kichwa wa buluu na wa machungwa wanachekana na kushikiana nafasi. Waliokuja kushangaa wanaona heri wapange mstari, madhali wamekwishashuka ngazi za majengo yao. Hata kwa mtazamaji, raha ya foleni hiyo haielezeki.

Mchana Nusu anafunga saluni na kumpeleka mama. Mama naye amesukwa upande mmoja. Sheria ni sheria.

"Nishike vizuri," anasema mama. "Usije ukaniangusha kabla sijaifuta kura yako."

Jioni, msimamizi anasimama kwenye lango la shule. Waliofika ni sita katika kila kumi. Kituo hakihami! Sufuria zinagongwa madirishani, pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza mtaa unashangilia jambo moja.

Kisha yanasomwa matokeo ya kituo. Buluu wameshinda, kwa kura chache.

"Umeona sasa?" mwenzake wa chama anamnong'oneza Nusu mlangoni mwa saluni.

Nusu ameona. Anauma mdomo kidogo. Halafu anasema mpango wake, kwa sauti ya kusikika mpaka juu: "Nina miaka mitano ya kumbembeleza mama ahamie chama chetu."

"Nimekusikia!" mama anajibu kutoka dirishani. "Hunipati ng'o! Hata ukinipa miaka kumi!"

Watu wanacheka. Nusu anainua uso, macho yamelowa.

"Sawa, mama," anasema. "Wewe uwepo tu."