Sahani ya Aliyebaki Kisiwani

Mjukuu wangu ana mchezo ndani ya simu yake. Watu wengi wanashushwa mahali pamoja, wanawindana, aliyepigwa anatoka, na wa mwisho kubaki ndiye mshindi. Hapo nilimfuata vizuri. Tulikuwa tumekaa ufukweni hapa Gisenyi, mpakani na Kongo, kwenye viti vya plastiki vya watu wanaouza soda, nami nilikuwa nimefurahi tu kuliona ziwa baada ya miaka mingi ya kuishi kwingine. Kisha akaniambia kwamba wenye mchezo wameubadilisha.

"Sasa mutu akipigwa hatoki, Bibi. Anaendelea tu. Iko muzuri kuliko zamani."

Nikamuuliza, basi sasa mnampiga nani? Hakuelewa ninachouliza, akarudi kwenye simu yake. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kulilia zamani. Zamani kulikuwa na viroboto na viboko, na sina hamu navyo. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nimenuna, na bora nikueleze sababu.

Miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo, tulikaa katika mtaa wa Waswahili, karibu kabisa na ziwa. Baba alikuwa fundi cherehani, na mlio wa cherehani yake ndio uliotuamsha na ndio uliotulaza. Aliyeendesha nyumba hasa alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Kila Alhamisi bibi alikaanga maandazi ya Ijumaa. Alianza asubuhi kwa kutwanga iliki, na ikifika alasiri mtaa mzima ulinukia mafuta na sukari. Kazi yetu wasichana ilikuwa kuchota maji, kisha kubeba sufuria zilizoungua chini kwenda kuzisugua kwa mchanga ufukweni. Tulisugua haraka na vibaya, maana tukimaliza tulicheza Kisiwa.

Kisiwa kilikuwa mchezo wetu, sijui nani aliuanzisha. Tulichora duara kubwa mchangani, wote tukaingia ndani. Mpira ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, umeviringishwa vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani ya baba. Aliyeokota mpira alimtupia amtakaye. Ukiguswa, umezama: unatoka duarani, unakwenda kukaa juu ya mawe. Lakini mwenzako akiudaka mpira uliomtupia, unazama wewe. Tulicheza hivyo mpaka amebaki mmoja, na huyo ndiye mwenye kisiwa.

Mimi nilikuwa mbovu kabisa, nilizama mapema kila mara, na wala sikuumia. Yale mawe meusi ya volkano yalikuwa yamekunywa jua kutwa nzima, yana joto zuri la kukalia. Waliozama tuligawana mahindi ya kuchoma, tukawacheka waliobaki, tukawapa ushauri ambao hawakuuomba. Hakuna aliyeruhusiwa kumtupia mpira mtu aliyekaa juu ya mawe. Hiyo hatukuambiwa na mkubwa yeyote, tulikuwa tunaijua tu.

Bingwa wa Kisiwa alikuwa binti wa jirani yetu, mama muuza samaki. Ungemwona usingeamini. Alikuwa mwembamba, kimya, gauni lake limeshonewa viraka na baba yangu bila malipo. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea. Kila asubuhi wavuvi walimrushia samaki kutoka mtumbwini, naye alisimama majini hadi magotini akiwadaka wanaoteleza, bila kuangusha hata mmoja.

Na alikuwa na akili ya mchezo. Wakubwa waliogopana wao kwa wao. Kijana wa dereva wa lori, mwenye mkono mzito kuliko wote, aliwalenga wenye nguvu kama yeye kwanza, maana akiwaacha watamzamisha. Nao walimlenga yeye. Nani angepoteza mpira kwa kitoto chembamba kilichosimama pembeni, tena kinachojua kudaka? Basi yeye alisimama tu, akasogea pale waliposogea, hakutupa mpira, hakumchokoza mtu. Jua likikaribia kuzama alikuwa amebaki yeye na mkubwa mmoja aliyechoka. Mkubwa akatupa, binti akadaka, kwisha.

Aliyebaki kisiwani alipewa na bibi sahani ya maandazi. Sahani yenyewe ilikuwa ya bati, nyeupe, ina ua jekundu katikati. Sisi tulidhani bibi anapenda michezo. Nilikuja kuambiwa sababu nilipokuwa mkubwa, ingawa ilikuwa wazi mbele ya macho yetu.

Mume wa muuza samaki alikuwa amekwenda Kongo kutafuta kazi ya migodi, na habari zake zikakatika. Mama alibaki na watoto watatu na kikapu cha samaki. Mtaani kwetu, jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Unatia ndizi, unatia maharagwe, chochote ulicho nacho. Kwa wengi ilikuwa raha, sahani zilizunguka mtaa mzima. Kwa yule mama ilikuwa mtego. Bibi alipompelekea ugali na sombe, yale majani ya muhogo, sahani ilirudi jioni ileile na samaki wawili wakubwa, samaki ambao angewauza wanawe wakala siku mbili. Bibi alimsihi aache. Yule mama alijibu kwa upole, "Hapana, Mama. Siwezi kurudisha sahani yenu hivi-hivi. Mi sijakuwa muombaji."

Basi bibi akafikiri. Kitu ulichopewa unakirudishia, lakini kitu ulichoshinda ni chako. Alhamisi iliyofuata akatangaza zawadi ya Kisiwa. Binti alishinda, akala andazi moja njiani, mengine akawapelekea wadogo zake, na sahani ikarudi safi, tupu, bila aibu kwa mtu yeyote. Ikawa hivyo majira yote ya mvua.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa mwalimu mpya wa shule ya misheni, waliposoma wengi wa wenzetu, kijana nadhifu mwenye soksi ndefu na filimbi shingoni. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningekwisha kumsahau. Alhamisi moja alipita ufukweni akakuta zaidi ya nusu yetu tumekaa juu ya mawe tunatafuna mahindi, akatuonea huruma.

"Bon, sawa," akasema. "Mutoto anakuja kucheza, haiko kuja kukaa juu ya majiwe. Tangu leo hakuna kuzama. Ukipigwa, unaendelea. Mi nitahesabu, na mwenye kupiga wengine mara nyingi, ni yeye mushindi."

Na akidaka mtu je? aliuliza binti wa muuza samaki. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema jambo wakati wa mchezo. Mwalimu akamwambia akidaka ni vizuri, atupe naye. Watoto walishangilia. Hata mimi nilishangilia, sikuwa na akili.

Mchezo uligeuka mchana uleule. Zamani ulimlenga yule uliyemwogopa, kwa sababu ukimgusa umekwisha kumwondoa. Sasa kumwondoa hakupo. Kijana wa dereva wa lori atajisumbua nini na mkubwa mwenzake, anayejua kukwepa na kulipiza, wakati mgongo wa mtoto mdogo unahesabiwa sawasawa? Wale wakubwa waliokuwa wanaogopana wakawa marafiki. Walipasiana mpira, wakamzunguka mnyonge, wakampiga, ukiwarudia wakampiga tena. Na ukidaka, umedaka bure, mwenzako anabaki palepale anacheka. Binti alidaka mingi siku ile. Alipojaribu kutupa, mkono wake haukuwa na nguvu, na mpira ulianguka miguuni mwa wale wale.

Filimbi ilipolia, kijana wa dereva wa lori alikuwa mshindi. Bibi alikuwa amesimama na sahani yake. Akamwambia mwalimu kwa heshima kwamba sahani hii ni ya aliyebaki kisiwani. Mwalimu akatabasamu.

"Lakini Mama, leo wote wamebaki."

Bibi angefanya nini? Angemweleza mwalimu sababu, na kabla ya magharibi muuza samaki angesikia kwamba binti yake alikuwa akilishwa sadaka. Akatoa sahani. Kijana alikula maandazi yote pale pale, akajifuta mafuta kwenye kaptura.

Binti aliendelea kuja. Alijaribu kila njia: kukimbia, kulala chini, kusimama karibu na mwalimu. Alhamisi ya mwisho alipigwa shingoni, akapigwa tumboni, kisha akafanya jambo ambalo naliona hata sasa nikifumba macho. Alitoka duarani taratibu, akaenda kukaa juu ya mawe peke yake, mikono juu ya magoti.

"Mi nimezama," akasema. "Muniache."

"Hakuna kuzama," mwalimu akamwita, tena kwa sauti nzuri kabisa. "Rudi, mutoto, njoo ucheze na wenzako."

Hakurudi. Na kwa kuwa hakuna kuzama, mawe nayo hayakuwa tena mahali pa kupumzika. Mtu mmoja akamtupia mpira palepale alipokaa, ukampata, mwalimu akatazama kando. Mwingine naye akatupa. Yeye hakuinua hata mkono wa kudaka. Mpira ulipiga, ukabingirika, wakauokota, ukapiga tena, mpaka bibi yangu aliposhuka akamshika mkono na kumwondoa. Mwalimu aliacha kuja Kisiwani baada ya hapo, na sisi tuliacha kucheza. Hakuna aliyefikiria kurudisha sheria ya zamani, au aliyefikiria hakusema.

Bibi alimtuma mama yangu apeleke maandazi nyumbani kwao. Ikawa kama mwanzo, sahani ilirudi jioni na samaki mkubwa, macho yake bado yanang'aa. Bibi hakumla. Wiki iliyofuata hakutuma kitu, na nilimwona amekaa jikoni mbele ya maandazi yake, hana la kufanya. Akipeleka anawanyang'anya samaki, asipopeleka wanalala na njaa. Mdogo wa mwisho wa yule binti alianza kuvimba miguu, na nywele zake zikageuka rangi.

Tukasikia wanahama, wanavuka kwenda Kongo kumtafuta baba. Jioni ya mwisho bibi alikataa kushindwa. Alijaza sahani ile ile mpaka juu, akanipa mimi, akanifundisha la kusema: hiki ni chakula cha safari, wala hawana nafasi ya kurudisha kitu, sahani waende nayo. Nikasema vilevile nilivyoambiwa. Muuza samaki alinishukuru, na binti akaipokea kwa mikono miwili. Akaibeba ndani, nami nikarudi nyumbani.

Asubuhi walikuwa wameshaondoka. Sahani ilikuwa mlangoni petu, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Juu ya ua jekundu kulikuwa na kisamaki kimoja, kidogo kama kidole, cha aina ile inayobaki chini ya kikapu isiyopata mnunuzi. Bibi alikaa kizingitini akalia waziwazi, naye hakuwa mtu wa kulia.

Sikuwaona tena. Mawe yale yameondolewa, sasa kuna ukuta wa hoteli na njia ya saruji, na watalii wanapiga picha. Baada ya utoto ule nimeishi miaka ya mauaji, miaka ambayo watu wazima walimfuata mtu hadi juu ya jiwe lake, alipokwisha kusema amezama. Sitaisimulia hapa. Nasema tu kwamba sikushangaa kama wenzangu walivyoshangaa, na ninachukia kwamba sikushangaa.

Sahani ninayo. Rangi imebanduka pembeni, ua limebaki nusu. Mjukuu wangu hutaka kuniletea chakula ndani yake, ninamkataza. Na majirani ninawapelekea chakula kama kawaida, lakini katika mifuko ya karatasi, nikiwaambia waitupe, pasiwe na sahani ya kurudisha.